Kuwa Mskoti kwa wanachama wa SNP: ukaazi kabla ya nasaba
Je, SNP, chama cha siasa kinachotaka Uskoti iwe nchi huru, inadai kwamba Mskoti ni lazima awe wa damu ya Kiskoti? Hapana, haidai hivyo. Msimamo wake rasmi ni kwamba anayeishi Uskoti na kuichagua kuwa nchi yake anahesabika kuwa mwenyeji kamili. Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kura ya maoni ya 2014 kuhusu uhuru wa Uskoti, ambayo raia wa Umoja wa Ulaya na wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wakaazi halali wa huko waliruhusiwa kuipiga, ilhali Waskoti wa kuzaliwa waliohamia London hawakuruhusiwa. Hata hivyo, msimamo wa chama si hisia za kila mwanachama, kwani wapo wanaotanguliza mahali pa kuzaliwa au ukoo.