Kusoma ishara ni ruksa, kupeleleza ndiyo kesi

Ndugu yangu, kwenye kashfa hii ya Michigan, mahasimu wetu katika futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu, unasema "kila timu inaiba ishara, Ohio State wanalia tu." Nusu uko sawa, na anayekuambia ni shabiki wa Ohio State. Kusoma ishara za mikono ambazo makocha wa upande wa pili wanawapa wachezaji wao kuwaambia mchezo gani wafanye, mechi ikiendelea, hakukatazwi. Una macho, tazama. Kinachokatazwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, tangu 1994 ni kutuma mtu uwanjani akawapeleleze wapinzani mtakaokutana nao baadaye. Michigan walinaswa hapo: Connor Stalions, mfanyakazi wa timu yao, ananunua tiketi za mechi za watu, vijana wake wanakaa jukwaani na simu, wanarekodi ishara za makocha kwenye benchi badala ya mpira. Na ile ya Septemba 2023 ndiyo iliniua kabisa. Jamaa katinga nguo za Central Michigan, timu ya chuo kingine kabisa, kasimama na benchi lao wakicheza na Michigan State, miwani ya jua usoni. Usiku! Hata mwizi wa kuku hujificha vizuri zaidi.

Ila na sisi tupunguze kelele kidogo. Novemba ile Stalions alishajiuzulu, kocha wao Jim Harbaugh anatumikia adhabu ya kukosa mechi 3, na bado Michigan wakatuchapa 30-24. Mwaka 2024 ikaruhusiwa redio ndani ya helmeti, kocha anaongea na mchezaji moja kwa moja, hakuna tena haja ya ishara za kuibwa. Wakatufunga tena 13-10, na safari hii nyumbani kwetu Columbus. Hiyo nayo tumsingizie nani?