Chemchemi ya moto kijijini: muanzie wapi?

Ndugu, nimekuelewa: mko jirani na chemchemi za Songwe, Mbeya, na mnataka jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi, iwape umeme. Umeme uwekeni kando kwanza. Kule Olkaria, Kenya, wanakozalisha umeme wa jotoardhi, visima vya mvuke hufika hadi kilomita 3 chini, na kisima cha mabilioni kinaweza kukosa mvuke.

Anzeni na joto lenyewe: kukausha mahindi, au kusindika maziwa kama walivyofanya Menengai, Kenya. Pimeni joto na wingi wa maji, kiangazi na masika, muandike kila kipimo na tarehe yake. Daftari hilo lipelekeni kwa wataalamu wa TGDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi Tanzania, msichimbe wenyewe.

Na tafadhali, watoto wasishuke kwenye mashimo ya karibu. Kabonidayoksaidi, gesi inayoweza kutoka ardhini sehemu kama hizo, haina harufu, hutuama chini, huua.