Plaiwudi ya kawaida kwa boti ya injini?
Hapana, ile ya samani za ndani haifai, hata ukiipaka rangi mara tano. Gundi yake hulainika ikilowa, matabaka yanaachana, na mtikisiko wa injini unamalizia kazi. Tafuta plaiwudi ya baharini yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza. Ukiwa na shaka, chemsha kipande kwa saa moja hivi: changu cha bei nafuu kilifunguka kama kitabu kilicholoa, nikashukuru sijakipigilia kwenye boti. Ila hata hiyo ya baharini huoza, maana gundi ndiyo isiyopitisha maji, si mbao yenyewe. Kingo zote na kila tundu la skrubu zinyweshe epoksi, gundi ya majimaji inayoganda na kuzuia maji, kabla ya rangi.