Maswali ya Wasomaji: Macheo ya Msimbati

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na rafiki yangu ni wakazi wa Mtwara mjini. Novemba iliyopita tulikwenda Msimbati kupiga picha za macheo, mimi kwa kamera na mwenzangu kwa simu. Tulifika ufukweni saa 12:00 asubuhi tukakuta jua limekwisha kuchomoza, na picha zote zikatoka na duara jeupe juu ya bahari nyeusi. Tufanye nini safari ijayo?

JIBU: Ndugu msomaji, saa mliyoichagua ingefaa sana mwezi wa Juni. Mwishoni mwa Juni jua la Mtwara huchomoza kiasi cha saa 12:35 asubuhi, ilhali Novemba huchomoza kiasi cha saa 11:48 alfajiri. Mahali linapotokea hubadilika pia: Juni huwa takriban nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki halisi, na Desemba nyuzi kama hizo upande wa kusini, kwa hiyo ngalawa iliyokaa vizuri mbele ya jua katika picha ya Juni haitakuwa mahali pake mwishoni mwa mwaka.

Kwetu huku, karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima, na rangi nzito za mawingu hudumu takriban dakika 20 tu kabla halijatokeza. Picha bora nyingi hupatikana katika dakika hizo, na ndiyo maana nawasihi muwe mmekwisha kusimama mahali penu saa nzima kabla ya macheo, kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu.

Duara jeupe hutokea kwa sababu kamera hupima giza la bahari na kuongeza mwanga kupita kiasi. Kwenye kamera yako, punguza mwangaza kwa hatua moja au mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu). Mwenzako aguse skrini ya simu kwenye anga lililo pembeni mwa jua, kisha ateremshe mwangaza mpaka rangi zirudi. Bahari itabaki nyeusi, na weusi huo utumieni: mwenzako asimame majini, umbo lake lionekane wazi mbele ya anga. Jua likishapanda, ligeuzieni mgongo, kwa maana mwanga wake wa kwanza huangukia nyavu, mitumbwi na nyuso kwa uzuri ambao wapiga picha wengi huuacha nyuma yao bila kuutazama.

Ulizieni kujaa na kupwa kwa maji pia. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, macheo hukuta maji yameanza kupwa, na mchanga uliolowa huakisi anga lote. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, wakati huo wa macheo maji huwa yanajaa, hivyo msiweke mikoba karibu nayo.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kiingilio hulipwa. Malizeni jambo hilo jana yake mchana. Visima vya gesi vilivyo eneo hilo msivipige picha bila kibali. Wavuvi na akina mama wanaotafuta pweza wasalimieni kwanza, muombe ruhusa, na atakayekataa aachwe aendelee na kazi yake. Kabla ya kuondoka, futeni kamera na simu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ya upepo wa bahari huharibu lenzi polepole.