Maswali na Majibu: Ndege za Pearl Harbor Zilizosalia na Mabaki Yake

Tangu tulipoandika juu ya shambulio la Pearl Harbor, barua za wasomaji zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia nyingi: je, kuna kilichobaki ambacho mtu anaweza kwenda kukiona kwa macho yake? Kwa ambao hawakusoma makala ile, asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege zipatazo 350 za Japani ziliruka kutoka meli sita za kubebea ndege, zikakishambulia kituo cha jeshi la majini la Marekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, pamoja na viwanja vya ndege vya kisiwa hicho. Wamarekani 2,403 walikufa. Tumechagua maswali sita.

Kati ya ndege za Kijapani zilizoshambulia siku ile, ipo hata moja iliyosalia nzima? (Msomaji wa Dodoma)

Haipo. Jibu hili huwavunja moyo wengi, lakini sababu yake inaeleweka ukifuata safari ya ndege zenyewe. Ndege 29 hazikurudi: 15 za kudondosha mabomu aina ya Aichi D3A, tisa za kivita aina ya Zero, na tano za topido (kombora linalosafiri ndani ya maji) aina ya Nakajima B5N. Zilizorudi zilitua kwenye meli zilizozileta, na katika meli hizo hakuna hata moja iliyouona mwisho wa vita. Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu zilizamishwa katika mapigano ya Midway, kwenye Bahari ya Pasifiki, mwezi Juni 1942. Shokaku ikazama Juni 1944, na Zuikaku Oktoba mwaka huo huo. Muda wote huo ndege zilikuwa zikichakaa, zikidunguliwa, zikitumbukia baharini, na nafasi zake zikichukuliwa na mpya.

Kwa hiyo msomaji akiona Zero inayong'aa ndani ya makumbusho, ajue kwamba anatazama ndugu wa ndege zile: ndege ya aina ile ile, mara nyingi iliyookotwa katika visiwa vya Pasifiki na kupakwa rangi za ile iliyoshambulia. Nyingine zinazozunguka katika picha si za Kijapani kabisa, bali ni ndege za mafunzo za Kimarekani zilizobadilishwa umbo kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 1970.

Nilisikia kwamba rubani mmoja wa Kijapani alitua kisiwani na ndege yake ikabaki huko. Je, ni kweli, na mabaki yako wapi? (Msomaji wa Zanzibar)

Ni kweli, na kwa maoni yangu mabaki hayo yana thamani kuliko ndege yoyote iliyotengenezwa upya, kwa sababu hayana shaka ndani yake. Kabla ya shambulio, marubani wa Kijapani walielekezwa kwamba mwenye ndege iliyoharibika atue Niihau, kisiwa kidogo kilicho magharibi mwa Oahu, ambako nyambizi ingemchukua. Waliopanga waliamini kwamba kisiwa hicho hakina watu. Nishikaichi Shigenori, rubani wa Zero kutoka meli ya Hiryu, alipotua kwa kishindo aliwakuta Wahawaii wenyeji, watu wasiokuwa na simu na ambao hawakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Mwenyeji aliyemfikia kwanza, Hawila Kaleohano, alimnyang'anya bastola na karatasi zake, kisha wakampokea kama mgeni.

Habari za vita zilipofika, mambo yaligeuka. Nishikaichi alipata msaada wa mkazi mmoja mwenye asili ya Kijapani. Wakachukua bunduki, wakaitia moto ndege ili siri zake zisianguke mikononi mwa adui, na nyumba ya Kaleohano nayo ikateketezwa. Tarehe 13 Desemba, Ben Kanahele, ingawa alikuwa amepigwa risasi tatu, alimkabili rubani akisaidiwa na mkewe Ella, na Nishikaichi akauawa.

Vyuma vilivyosalia na moto vilikaa Niihau kwa miongo kadhaa, vikila kutu katika hewa ya chumvi. Sasa vimo katika makumbusho ya usafiri wa anga ya Pearl Harbor, katika kisiwa cha Ford, ndani ya banda la ndege lililokuwapo siku ya shambulio. Havipendezi. Ni mabati yaliyojikunja na injini iliyokufa, lakini tunajua ndege ilitoka meli gani, nani aliirusha, ilitua wapi, nani aliichoma na ililala wapi tangu siku ile. Ndege chache sana za vita vile zina wasifu uliokamilika namna hiyo.

Vipi ndege za Kimarekani zilizokuwapo siku ile? (Msomaji wa Kisumu)

Hapa habari ni njema zaidi, ingawa si nyingi. Marekani ilipoteza ndege zipatazo 188 asubuhi ile, nyingi zikiwa zimeegeshwa chini, kwa hiyo kila iliyopona ina kisa chake.

Ya kwanza ni Sikorsky JRS-1, ndege kubwa ya kutua majini na nchi kavu, iliyo katika tawi la makumbusho ya taifa ya anga ya Marekani huko Chantilly, Virginia. Baada ya shambulio, ndege za aina hiyo, ambazo hazikuwa za mapigano, zilitumwa kuzitafuta meli za Wajapani, na wanamaji waliokuwamo walibeba bunduki za mkononi tu. Laiti wangeiona meli mojawapo, sijui wangeifanya nini. Natamani ndege hiyo isipakwe rangi mpya kamwe, maana rangi iliyochubuka juu ya mwili wake ni sehemu ya ushahidi.

Ya pili ni ndege ya kivita Curtiss P-40B yenye nambari 41-13297, iliyokuwa uwanja wa Wheeler. Iliepuka mabomu kwa sababu ilikuwa katika matengenezo, lakini Januari 1942 ilianguka milimani Oahu wakati wa mazoezi na rubani wake akafa. Mabaki yake yalilala huko zaidi ya miaka 40 hadi yalipotolewa, yakatengenezwa upya kwa kuongezewa sehemu za P-40B nyingine mbili, na leo ndege hiyo inaruka tena. Wako wanaouliza kama ndege iliyounganishwa hivyo bado ni ile ile. Mimi naikubali, ilimradi wenye nayo waseme wazi kipi ni cha zamani na kipi ni kipya.

Ya tatu ni ndogo kuliko zote: Aeronca ya kiraia, iliyokuwa angani asubuhi ile ikirushwa na wakili Roy Vitousek akiwa na mwanawe Martin, ambao ghafla walijikuta katikati ya ndege za Kijapani, wakatua salama. Nayo imo katika makumbusho ya kisiwa cha Ford.

Rafiki yangu anauziwa kipande cha bati chenye nyota nyeupe, na muuzaji anadai ni cha ndege iliyopigwa Pearl Harbor. Tutajuaje ukweli? (Msomaji anayeishi Texas)

Mtazame nyota. Desemba 1941 alama ya ndege za Marekani ilikuwa nyota nyeupe ndani ya duara la buluu, ikiwa na doa jekundu katikati. Doa hilo liliondolewa Mei 1942, kwa kuwa lilifananishwa na jua jekundu la Japani na kuhatarisha marubani. Nyota isiyo na doa wala dalili ya doa lililofunikwa kwa rangi haiwezi kuwa ilipakwa vile siku ya shambulio.

Kwa vipande vya Kijapani, tafuteni mistari ya rangi iliyouzunguka mwili wa ndege na herufi za mkiani. Ndege za Akagi zilikuwa na mstari mmoja mwekundu na alama AI, za Kaga mistari miwili myekundu na AII. Soryu na Hiryu zilitumia buluu, mmoja na miwili, kwa BI na BII. Shokaku na Zuikaku nyeupe, kwa EI na EII. Muuzaji akidai kipande ni cha Akagi huku kina mstari wa buluu, ondokeni.

Hata hivyo rangi huigwa, na mwenye nia ya kudanganya husoma vitabu vile vile tunavyosoma sisi. Jambo la msingi ni nasaba ya kipande: nani alikiokota, lini, mahali gani, na kilipita mikono ya nani hadi kufika kwa muuzaji. Ni kweli kwamba askari na raia walikata vipande vya Zero ya Akagi iliyoangukia Fort Kamehameha, ngome ya jeshi kisiwani Oahu, ili kuweka kumbukumbu, kwa hiyo vipande halali vipo majumbani mwa watu. Lakini kipande kisicho na nasaba ni bati tu, na kilipiwe bei ya bati. Kwa kuwa mko Texas, nendeni kwanza Fredericksburg, kwenye makumbusho ya vita vya Pasifiki, mkaione D3A iliyoachwa jinsi ilivyopatikana pamoja na nyambizi ndogo ya Kijapani iliyotekwa Oahu. Jicho lililozoea kitu cha kweli halidanganyiki upesi.

Baharini je? Watafutaji hufanyaje kazi, na je, mtu anaruhusiwa kuchukua anachokiona? (Msomaji wa Tanga)

Kazi huanzia kwenye makaratasi: ripoti za makamanda, ramani na kauli za walioshuhudia. Ndipo hufuata sona, inayochora sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti, na mwishoni wapiga mbizi au vyombo vya kuzama kina kirefu. Mfano bora ni nyambizi ndogo ya Kijapani ambayo manowari ya Marekani Ward iliripoti kuipiga zaidi ya saa moja kabla ya ndege kufika. Wengi waliitilia shaka ripoti hiyo kwa miaka 60. Agosti 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, wakitumia vyombo Pisces IV na Pisces V, waliikuta kwenye kina cha mita zipatazo 400, nje ya mlango wa bandari, ikiwa na tundu la risasi ya mzinga kwenye mnara wake. Mabaharia wa Ward walikuwa wamesema kweli.

Upande wa pili wa kisiwa, katika ghuba ya Kaneohe, kuna ndege ya doria ya Catalina iliyozama kwenye nanga yake. Ndege 27 za aina hiyo ziliteketezwa Kaneohe na sita zikaharibiwa. Zilizopona ni tatu tu, zilizokuwa doria. Iliyozama imepimwa na kupigwa picha na wanafunzi wa akiolojia ya majini, ikaachwa mahali pake.

Kuchukua hairuhusiwi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inasema kwamba chombo cha kijeshi kilichozama hubaki mali ya serikali hata kikae miaka mingapi, na kukigusa bila kibali ni kosa lenye faini kubwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ndani ya manowari Arizona, iliyozamishwa siku ile, pekee wamelala zaidi ya watu 900.

Ndege zile ziliwahi kuikaribia pwani yetu? (Msomaji wa Mombasa)

Hazikufika, lakini zilibadilisha historia ya bandari yako. Aprili 1942 meli tano kati ya zile sita, zote isipokuwa Kaga, ziliingia Bahari ya Hindi. Fuchida Mitsuo, aliyeongoza wimbi la kwanza Pearl Harbor, aliongoza shambulio la Colombo tarehe 5 Aprili. Siku hiyo hiyo Uingereza ilipoteza manowari Cornwall na Dorsetshire, na tarehe 9 ikampoteza Hermes, meli ya kubebea ndege iliyozamishwa ikiwa haina hata ndege moja. Mabaki ya Hermes yapo hadi leo mbele ya Batticaloa, Sri Lanka, kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Kikosi cha Waingereza cha mashariki kikarudi nyuma hadi Kilindini, na wavunja misimbo wao, yaani wafumbuaji wa ujumbe wa siri wa adui, wakaweka ofisi katika shule ya Allidina Visram.

Ndege ya Kijapani iliyofika kwetu ilitokea kwingine. Mei 1942 nyambizi I-30 ilirusha ndege yake ndogo ya upelelezi, ikapita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, kisha ikarudi baharini. Nyambizi yenyewe ilizama Singapore mwezi Oktoba mwaka huo, baada ya kugonga bomu lililotegwa majini.