Mama hajawahi kuiona bahari, nimpeleke wapi?

Shikamoo shangazi. Mi naishi Kimara mwaka wa 11 huu. Mama yangu anakuja likizo ya mwezi wa 6 kutoka Mpwapwa, sisi ni Wagogo, ndo mara yake ya kwanza kufika Dar na hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Ana miaka 68 na goti moja linamsumbua. Ntakuwa na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Nafasi nnayo Jumamosi na Jumapili tu na hela sio nyingi. Nilivokaa kupanga nikagundua na mimi Dar siijui, najua Kariakoo, Mlimani City na kazini basi, aibu kwa kweli. Nimepanga Jumamosi asubuhi Makumbusho ya Taifa, mchana Kijiji cha Makumbusho, jioni kisiwa cha Mbudya, Jumapili tupumzike. Nipo sahihi?
*Baba Wawili, Kimara*

Marahaba mwanangu. Ratiba hiyo ifute kabisa. Posta, Kijitonyama na Kunduchi siku moja, na mama mwenye goti? Mtakachoona hapo ni foleni, na foleni mbona hata Kimara ipo. Dar ukitaka kuitembea bila kugombana na familia unachukua upande mmoja wa mji kwa siku moja, unaumaliza, unarudi nyumbani.

Jumamosi nendeni mjini. Msitoke alfajiri maana mnajua wenyewe mwendokasi asubuhi pale Kimara watu wanavyoingia, kiwiko mbele, mama atasukumwa mpaka aombe arudishwe kwao Mpwapwa. Subirini kama saa tatu hivi, pandeni ya Kivukoni mshuke mwisho kabisa. Na kitu cha kwanza kabla ya makumbusho yoyote ni pantoni. Usicheke. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona bahari hakuna safari ya baharini ya bei nafuu kuzidi ile ya kuvuka kwenda Kigamboni, nauli haifiki bei ya soda, na uzuri asubuhi wenye haraka wote wanakuja mjini, nyie mnakwenda kinyume chao kwa hiyo mnapata nafasi ya kusimama ukingoni. Ila geti likifunguliwa msikimbie, waacheni wenye bodaboda na mikokoteni wapite kwanza, mama aingie kwa raha zake. Simu weka mfukoni, Ikulu ipo pale Magogoni jirani tu na hakuna anayetaka maelezo ya askari siku ya matembezi.

Mkirudi pitieni soko la samaki la Feri. Mnada unakuwa umeshachangamka tangu alfajiri lakini saa nne hivi bado kuna mafungu mezani, na upande wa wakaangaji unanunua samaki wako unamkabidhi mtu anakukaangia palepale. Mwache mama achague mwenyewe. Mi nilimpeleka mama mdogo wangu aliyetoka bara, akamshika pweza, pweza akamng'ang'ania kidole, alipiga kelele soko zima likageuka, na mpaka leo ukimuuliza habari za Dar hakwambii magorofa, anakwambia pweza. Vaeni viatu vya kufunika maana chini kuna maji ya samaki.

Mkishakula chukueni bajaji mpaka Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Sio mbali ila goti ni goti. Pale usiwalazimishe watoto kusoma kila kibao, wapeleke moja kwa moja kwenye habari za chimbuko la binadamu uwaonyeshe Zinjanthropus. Lile fuvu Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 likiwa vipandevipande, likaunganishwa kipande kwa kipande, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Waambie watazame magego, ni mapana hatari, Wazungu walimpachika jina la mvunja karanga kwa ajili ya meno hayo. Huyo wa miaka 9 hatasahau. Alafu kuna magari waliyotumia viongozi wetu, hapo wewe ndo utakwama. Lile jengo la zamani ni la mwaka 1940, la mkoloni Mwingereza, lilifunguliwa kwa jina la mfalme wao George wa Tano.

Bustani ya Mimea ipo jirani hapohapo, ya tangu enzi za Mjerumani, ina miti mikubwa na kivuli cha kutosha, mama akapumzishe goti nusu saa. Kama nguvu bado zipo, mkirudi kupanda gari Posta ya Zamani mtapita Samora kwenye Sanamu la Askari. Watu wanalipita kila siku wakiwahi daladala wala hawajui limewekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza, na kabla yake Mjerumani alikuwa kaweka hapo sanamu la gavana wao, Wissmann. Maandishi chini yake yapo ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kama mama alipita madrasa mwambie ajaribu kusoma.

Jumapili ndo Kijiji cha Makumbusho. Pandeni mwendokasi ya Morocco mshuke mwisho, mdake daladala za kwenda Mwenge, mwambieni konda awashushe Makumbusho. Ile stendi ya Makumbusho unayoisikia kila siku jina lake limetoka kwenye hicho kijiji, lakini waulize wanaoshinda stendi wangapi wameshaingia ndani. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa ukubwa wa kweli, msonge wa Wahaya, za Wachaga, Wazaramo na wengine, unainama unaingia. Na lipo tembe la Kigogo, ile nyumba ya paa bapa la udongo. Hapo we nyamaza kabisa, mwachie mama awe mwalimu. Yule mama mdogo wangu wa pweza na yeye kakulia kwenye tembe, alivofika akaligusa ukuta, akaangalia dari, akamwambia kijana anayetutembeza kwamba tembe lenu zuri ila halina moshi, tembe lisilo na moshi paa litaliwa na mchwa. Yule kijana ikabidi aulize maswali yeye sasa. Wajukuu zake wakashangaa bibi kumbe anajua kuliko mwenye beji. Fikeni mchana ili mkute na ngoma, na hata kiingilio chake kwa Mtanzania hakiumizi, ila beba kitambulisho maana bei yetu na ya wageni sio moja.

Mbudya iache kwa safari hii. Sio kwamba ni pabaya, ni pazuri sana, mibuyu, maji unaona miguu yako, samaki na chipsi mchangani. Lakini mwezi wa 6 ni msimu wa upepo wa kusi, mchana bahari inachafuka, boti inaruka, na kushuka kule unashukia majini hakuna gati la kumshikia mama mkono. Kwa wewe na watoto subirini kaskazi, mwezi wa 12 au wa kwanza, mtoke Kunduchi asubuhi. Na kumbuka visiwa vile ni hifadhi tangu mwaka 1975 kwa hiyo mbali na hela ya boti kuna ya hifadhi, usije ukadhani umepigwa.

Shangazi, Jumapili nilienda ufukwe wa Coco na mchumba, tukaagiza mihogo na mishikaki bila kuuliza bei, bili ilivyokuja nikajua wametuhesabia na upepo. Nimeapa sirudi.
*Aliyeumia, Tabata*

Pole mwanangu ila na wewe. Coco unauliza bei ukiwa umesimama, hujakaa. Ukikaa umeshanunua. Nenda siku za kati jioni, Jumatano hivi, kaa kwa yule ambaye watu wa bodaboda wanakula kwake, mihogo ni ileile na pilipili ni kali zaidi. Kiapo chako sijakisikia.

Shangazi shikamoo, dada yangu anaishi Ujerumani anarudi huko wiki ijayo anataka kinyago cha mpingo cha kumpa bosi wake. Mwenge wananionyesha vyote vyeusi, bei zinapishana kama mbingu na ardhi. Ntajuaje wa kweli?
*Msomaji, Tegeta*

Marahaba. Kibebe kwanza. Mpingo ni mzito kuliko unavyoonekana, ukiutupia majini unazama, wakati mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu unaelea na unakuachia weusi kwenye vidole, kwa hiyo lowesha kidole ukisugue kwa chini kule kwenye kitako, hapo fundi huwa hahangaiki kung'arisha. Pili tafuta palipo na rangi ya manjano hafifu, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, mpingo weusi wake upo moyoni tu na wachongaji wengi wanaiacha makusudi. Kile cha watu waliopandiana mabegani mpaka juu wanaita ujamaa, ni kazi ya Wamakonde na kinachukua siku nyingi, usikiombee punguzo la kufuru. Ukiona fundi anachonga hapohapo kaa naye dakika kumi, bei inashuka yenyewe mkishazoeana.

Ila mwambie dada apime begi lake kwanza. Kama kilo zimeisha, nendeni Morogoro Stores pale Oysterbay mkanunue picha ya Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza kuzichora mwaka 1968 kwenye vipande vya hardboard kwa rangi ya kupaka baiskeli, akafariki 1972, wanafunzi wake wakaendeleza. Siku hizi wanachora na kwenye turubai, fundi akiitoa kwenye fremu unaikunja kama mkeka mdogo inaingia kwenye begi la mkononi. Tembo wa rangi ya bluu na madoa ya njano, bosi wa Kijerumani atapenda tu, ila aulize kama rangi imeshakauka. Mi moja ilinigandia gauni.