Boila ya kuni ya kilowati 20 kwa nyumba ya watu sita?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nyumba yetu Likoni ni ndogo, vyumba vitatu, na banda la kupikia nyuma lenye paa la makuti. Tuko watu sita. Mama ni mzee, hawezi tena kukoga maji baridi. Nimeona boila ya kuni ya kuweka ndani, mtumba kutoka Ulaya, kilowati 20. Muuzaji anasema inakula kuni kidogo. Niinunue?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usiinunue. Huenda ni nzima kabisa, lakini kwa kazi uliyo nayo ni kubwa mno, na ukubwa huo ndio utakaokumalizia kuni.

Boila hizo ziliundwa kwa nchi za baridi kali. Maji ya moto huzungushwa vyumbani kwa mabomba ili nyumba ipate joto mchana na usiku. Wewe unachotaka ni ndoo za maji ya kukoga. Hebu tupige hesabu: watu sita, lita 20 kila mmoja, jumla lita 120. Maji ya tangi huku kwetu yana nyuzi kama 27, na yakifika 40 mama atakoga kwa raha. Kazi hiyo haifiki hata kilowati-saa 2. Boila ya kilowati 20 ikishapata moto wake inaimaliza kwa dakika sita hivi!

Kisha utafanya nini na moto uliobaki? Utabana hewa ili utulie, na hapo ndipo hasara inapoanza. Kuni zikinyimwa hewa haziwaki, zinafuka tu. Gesi ambazo zingewaka zikakupa joto hupanda na moshi, zikaganda ndani ya bomba kama lami, na lami hiyo nayo huja ikashika moto. Juu yako ni makuti, dada. Hilo pekee linatosha kunikosesha usingizi.

Huko Ulaya kwenyewe, mafundi wazuri huchoma kuni kwa nguvu mara moja, joto wakalihifadhi kwenye tangi kubwa lililofunikwa vizuri. Somo hilo lichukue, boila yenyewe iache.

Mimi ningekujengea jiko la roketi la matofali: mdomo mdogo wa kuni chini, njia ya moto iliyosimama wima, na majivu makavu yaliyojazwa pembeni yazuie joto lisipotee. Sufuria izungushiwe bati, nafasi ya sentimita moja tu, ili moto uilambe ubavuni pia. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Roketi iliyojengwa sawasawa hufika karibu 30. Kwa maji yenu yote ni kama kilo moja na nusu ya kuni.

Kuni kavu, lakini. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, nawe utayachemsha hayo kwanza kabla ya ya mama. Nunua mvinje, upasue, uupange mahali penye paa na upepo miezi kadhaa. Mikoko usiiguse, ndiyo inayotulindia ufuo na mazalia ya samaki.

Makuti yaliyo juu ya jiko yaondoe, weka mabati. Bomba la moshi lipitie ukutani, litoke juu ya paa. Bati jembamba halidumu na chumvi ya bahari, kwa hiyo tafuta chuma kisichoshika kutu. Tangi la maji ya moto usilizibe kabisa hata siku moja, maana mvuke ukikosa pa kutokea hupasua chuma. Na usilete makaa ya moto chumbani kwa mama usiku: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Nipimie upana wa banda na kimo cha paa, nikuchoree jiko lenyewe.